Kodi ya Mafuta ya Taa

Mimi ni mkulima wa Tawa, katika Makueni, nami hulima ndengu na mbaazi. Kodi ya vibanda iliyowekwa nchini mwaka 1901 ilihesabu nyumba, wala haikuuliza mwenyewe ana mali gani. Mwenye ng'ombe 50 na asiye na hata mbuzi, wakiwa na kibanda kimoja kimoja, walilipa sawasawa. Walowezi nao walitozwa kodi ya mapato mwaka 1920, wakaipinga, ikafutwa mwaka 1922, isirudi hadi 1937.

Siku hizi vibanda havihesabiwi. Lakini mwezi wa Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mjane anunuaye mafuta ya kibatari hutozwa kiwango kile kile cha mwenye lori. Watasema mwenye lori hununua lita nyingi zaidi. Ni kweli, ila yeye huiongeza gharama hiyo katika nauli ya ndengu zetu, na mjane hana wa kumwongezea.

Makarani, rafiki zangu, hunung'unika kila mwisho wa mwezi, lakini wao hukatwa kwa kadiri ya mshahara, hata asilimia 35 ya kile kinachozidi shilingi 800,000. Hiyo naiona ina haki zaidi. Nami ningependa wabunge wetu wayatoze mafuta ya taa kodi ndogo kuliko petroli.