Chumba Kimoja Ndani ya Riwaya

Usagara, Tanga
Jumatano, 7 Agosti 2024

Kidato cha sita leo walinikalia kooni. Tunasoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na baadhi yao wameshaiona filamu aliyoitoa Amil Shivji mwaka 2021. "Mwalimu, Mombasa imekwenda wapi?" Msichana wa dirishani aliuliza kwa hasira kabisa, kama aliyeibiwa.

Ana haki ya kuuliza. Kitabuni binti Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa kumzaa, anapelekwa Mombasa, yanamshinda, anarudi Unguja kwa mjomba wake na kufukuzwa, ndipo anapoangukia kwa rafiki yake Mwajuma kule Ng'ambo. Ni mwendo mrefu, na msomaji anachoka pamoja naye. Filamu haina subira hiyo. Inamkutanisha na kijana wa siasa, Denge, usiku wa manane, akiwa njiani kwenda kuolewa, na kuanzia hapo mapenzi na siasa havitengani tena.

Niliwaambia wapige hesabu. Mji wa pili wa miaka ya hamsini maana yake ni magari ya wakati ule, nguo za wakati ule, bandari, na watu mia wa kupita nyuma. Fedha za filamu zetu hazifiki huko. Lakini sikutaka wabaki na jibu la umaskini peke yake. Usiku ule mmoja umebeba alichokieleza Shafi kwa sura kadhaa: binti anayepelekwa asikotaka, na kijana anayeukimbia mkono wa serikali. Wote wawili wanawindwa, na mtazamaji anaelewa kabla hawajasema neno. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ni usomaji mzuri wa riwaya.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Mpwa wangu alikuja asubuhi na kamera yake begani. Anapiga video za harusi, kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe, na sasa anataka kutengeneza filamu ya hadithi. "Shikamoo, Mjomba. Nimechagua Kufikirika."

Moyo wangu ulilipuka kwa furaha. Shaaban Robert, mwandishi wake, ni wa kwetu, amezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, na sijaona kijana wa Tanga akiishika riwaya yake kwa nia ya kuipiga picha. Kisha akanionyesha orodha: kiti cha enzi, walinzi hamsini, farasi, mavazi ya wazee wa baraza. Hata farasi mmoja tu angekula fedha zote za harusi za mwaka.

Nilimwambia kwanza twende kwa familia ya marehemu, kwa adabu, kuomba ridhaa. La pili, asome tena kitabu akiwa ameifunga kamera kwenye begi.

Jumapili, 11 Agosti

Nimemwita mpwa wangu tuangalie Visaranai, filamu ya Kitamil ya Vetrimaaran, 2015. Nilitaka aione kwa sababu imetoka kwenye kitabu cha M. Chandrakumar, dereva wa bajaji wa Coimbatore aliyeandika jinsi polisi walivyomtesa akiwa mahabusu kule Guntur. Vibarua wa Kitamil wako ugenini, hata Kitelugu cha polisi hawakijui, na wanapigwa wakiri wizi wasioufanya. Filamu hiyo ilifika tamasha la Venice, na India ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar.

Hatujui Kitamil hata kidogo, tulikuwa tunafuata maandishi ya chini. Kufika katikati mpwa wangu aliacha kuyasoma. Alikuwa anatazama mgongo wa mtu mmoja, ukuta, na fimbo. Watu wazima hapa Tanga walizoea filamu za Kihindi za nyimbo na bustani, tangu enzi za Awaara na Mother India. Hii haina bustani. Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni kituo cha polisi tu.

Akaniuliza, "Kufikirika ina chumba kama hiki, Mjomba?"

Jumanne, 13 Agosti

Chumba ninacho. Nimekisoma kitabu tena usiku mpaka mafuta ya taa ya akiba yakaisha, maana umeme ulikatika. Mfalme ana kila kitu isipokuwa mtoto. Mtoto anapatikana, baadaye anaugua, na utabiri unadai kafara: mwerevu mmoja na mjinga mmoja. Watu wawili wanafungwa wakisubiri kufa ili mtoto wa mkubwa apone. Humo ndani hapana haja ya farasi. Kiti cha enzi tutakisikia kwa hatua za mlinzi nje ya mlango.

Naamini kabisa kwamba Shaaban Robert aliweka moyo wa kitabu pale. Madaktari na waganga wanaopanga foleni kwa mfalme ni utamu wa lugha yake, na utamu huo ubaki kitabuni, unapokaa vizuri.

Ijumaa, 16 Agosti

Baada ya sala tulikwenda kuona ghala la zamani la katani ambalo mwenyewe amekubali kutuazima. Kuta nene, mwanga unaingia kwa juu kupitia tundu moja na kuangukia sakafuni. Tatizo ni sauti: kunguru juu ya bati na bodaboda barabarani. Mpwa wangu anasema tutapiga usiku, taa itawekwa nje ya tundu lile. Nimemwambia fedha zote zilizopo ziende kwenye vinasa sauti, kwa sababu hadithi hii inaishi kwa maneno, na sentensi ya Shaaban isiposikika hakuna filamu.

Tulibishana juu ya mjinga. Yeye anamtaka mchekeshaji anayejulikana mjini, ili watu waje. Mimi nimekataa. Mjinga yule anafungwa asubiri kufa kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine, na hajaulizwa. Nimempendekeza mzee mmoja anayeuza samaki kwenye soko la Deep Sea, msemaji mtaratibu, ambaye akinyamaza watu humsubiri aendelee. Kesho alfajiri, kabla mashua hazijaingia, tutakwenda kumwomba.