Videge vya Rufiji

Mwaka 1959, nilipokuwa mtoto wa miaka 8 nikisoma skuli Unguja, mjomba wangu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo na ambaye aghalabu hatukumwona ila kwa siku chache baada ya miezi mingi, alirejea safarini na hidaya kwa kila mtu wa nyumba yetu: mama alipata kitambaa cha hariri, bibi alipata miwani, na mimi nikapata kifuko cha plastiki kilichofungwa kwa karatasi yenye picha ya ndege ya vita, ambacho ndani yake hamkuwa na ndege bali vipande vidogo vidogo vya plastiki, vimeshikamana na vijiti vyao mfano wa samaki katika mtungo. Mjomba alisema alikinunua kwa shilingi mbili, na zama hizo shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na thamani sawasawa na shilingi ya Kiingereza, basi mama akatikisa kichwa wala hakusema neno.

Sisi watoto wa pwani hatukuwa wageni wa kazi ya kuunda vitu vidogo kwa mfano wa vikubwa, kwani maji yakijaa tulikuwa tukishindanisha vigalawa tulivyovichonga wenyewe na kuvitia matanga ya vitambaa vikuukuu, na nchi kavu tulisukuma motokaa za makopo. Lakini kila mmoja wetu aliunda kwa kadiri ya jicho lake, akitaka mlingoti mrefu aliutia mrefu. Katika kifuko kile mlikuwa na jambo geni kwangu, nalo ni kipimo. Mjomba alinisomea karatasi akanifahamisha kwamba kila inchi moja ya kidege hiki ni futi sita za ndege yenyewe, yaani ni sehemu moja katika 72, hata mtu mzima mrefu akisimama kando yake atakuwa na urefu wa inchi moja tu. Ndege hiyo ilikuwa Spitfire, iliyobuniwa na Mwingereza R. J. Mitchell na kuruka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na upana wa mabawa yake katika kipimo hicho haukutimia sentimita 16. Niliiunganisha kwa jioni moja, gundi ikinichuruzika vidoleni na kuacha alama za vidole vyangu juu ya kioo cha rubani, kisha nikaiweka dirishani ipate kukauka, na siku ya pili jua la Unguja likalipinda bawa la kushoto likaelekea chini kama bawa la kuku aliyenyeshewa.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye asili yake ni Mafia, alikuwa amekaa barazani akisuka ukili. Alikishika kidege kile kwa ncha za vidole, akakigeuza huku na huku, akaniuliza kama hiyo ndiyo ile ndege ulaya iliyokuja kwao katika vita vya Mdachi, yeye akali mtoto. Nikamjibu kwa fahari ya mtu aliyesomewa karatasi moja, "Siyo, Bibi, hii ni Spitfire." Akasema kuwa baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliofyeka kiwanja cha kutulia ndege hizo wakang'oa na visiki, kisha akanirejeshea kidege changu akaendelea na ukili wake. Sikumwuliza neno la pili, na bibi alifariki mwaka 1971 nami niko ughaibuni.

Nilifika Uingereza mwaka 1968, kijana wa miaka 17, katika mji wa bandari ulio kusini, nikapata kazi ghalani. Na katika upweke wa majira yale ya baridi, ambayo jua huchwa alasiri, niliingia duka moja kujikinga na mvua nikaona ukuta mzima umejaa masanduku ya videge. Huko kazi hii ilikuwa na nasaba yake: mwaka 1936 kampuni ya FROG ilikuwa imeanza kuuza videge vya plastiki vya kuunganisha kwa jina la Penguin, katika kipimo kile kile cha 72, na baada ya vita Airfix, iliyoasisiwa mwaka 1939 na mhajiri wa Kihungari, Nicholas Kove, ikitengeneza vitu vya mpira na baadaye vitana, ilitia merikebu ya Golden Hind katika mifuko ya plastiki mwaka 1952 ikauzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili, na hapo ndipo kazi iliyokuwa ya wenye nafasi ikawa ya kila mtoto. Mwaka 1963 wapenzi wa kazi hii walianzisha jumuiya yao, IPMS, ambayo hatimaye matawi yake yalienea nchi nyingi.

Katika mji wetu palikuwa na chama kidogo cha watu kumi na wawili hivi, kilichokutana usiku wa Jumatano katika chumba nyuma ya kanisa, nami nikajiunga. Ni lazima niseme kwa haki kwamba walinipokea vyema. Walakini chama hicho, kwa miaka mingi ya mwanzo, kilikuwa chama kwa jina tu, maana kila mtu alijenga kidege chake nyumbani, akakileta kimefunikwa, akakiweka mezani kitazamwe, na ukimwuliza amepataje weupe ule mpevu wa tumbo la ndege au ameufichaje mshono wa kiwiliwili, alitabasamu kama mganga aliyeulizwa dawa yake. Na mimi nilikuwa vivyo hivyo. Nilikuwa na njia yangu ya kusugua puti kwa msasa wenye maji hata mshono usionekane, na sikumwambia mtu.

Aliyetubadilisha alikuwa mzee mmoja, ambaye wakati wa vita alikuwa fundi wa ardhini katika kikosi cha ndege za Lancaster, zile ndege kubwa za mabomu zenye injini nne na watu saba ndani yake, zilizoundwa 7,377 kwa jumla. Alikuwa ameianza Lancaster yake, naye alikusudia kuifanya kama ile aliyokuwa akiihudumia, lakini macho yakamharibikia kabla hajaikamilisha. Basi mwaka 1984 tuliafikiana tuimalize kwa bia, mmoja achukue mabawa, mmoja injini, mmoja kiwiliwili, na mimi, kwa ajili ya ile puti yangu ambayo kumbe kila mtu alikuwa akiitambua, nikapewa mishono yote. Tulikuwa tukimwendea nyumbani kwake na vipande, naye akivipapasa kwa vidole. Nilipopaka weusi wa masizi nyuma ya mabomba ya moshi, kama nilivyoona katika picha za masanduku, mzee aliuliza rangi gani nimetia, na nilipomtajia alikataa katakata, akanieleza kwamba petroli ile ilikuwa na madini ya risasi, na moshi wake ukikaa juu ya bawa hauachi weusi bali kijivu cha majivu ya kuni, naye anajua kwa sababu ndiye aliyekuwa akiufuta. Nikaufuta nami. Tangu siku hiyo hapana mtu katika chama chetu aliyeficha siri yake, na kila baada ya miaka miwili au mitatu tulichagua kazi moja ya bia.

Zana zilibadilika pia. Vikopo vya rangi ya mafuta vilipisha rangi za maji, burashi ikapisha bomba la kupulizia, vikaja vipande vya shaba nyembamba kama karatasi kwa ajili ya mikanda ya marubani, na sasa vijana wana mashine inayochapa kiti cha rubani usiku mwenyewe amelala. Sina ugomvi na hayo. Ila mkono wangu ulizoea burashi, na burashi ninayo hata leo.

Mwaka 2013, tulipokuwa tukitafuta kazi mpya ya kuonyesha Telford, ambako maonyesho makubwa ya sanaa hii hufanyika kila Novemba, mwenzetu mmoja alitaja kwamba mwaka 2015 vita vya manowari Königsberg katika Rufiji vitatimiza miaka 100, na akauliza kama mtu yeyote anajua mahali hapo palipo. Moyo wangu uliruka. Nilisimama nikasema zaidi ya nilivyopata kusema katika chama hicho kwa miaka 40.

Niliwaeleza kwamba manowari hiyo ya Kijerumani, yenye mizinga kumi ya sentimita 10.5, iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya Mto Rufiji kwa ubovu wa mitambo yake, mitambo ambayo iliburutwa nchi kavu na maelfu ya wapagazi mpaka Dar es Salaam ikatengenezwe na kurejeshwa; kwamba Waingereza walimwajiri rubani raia, Cutler, aliyekuja kutoka Afrika Kusini na ndege yake ya kuelea majini ya Curtiss, akaiona manowari imefunikwa majani, na rejeta ya ndege yake ilipoharibika ikaletwa nyingine ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa; na kwamba baada yake zilikuja Sopwith, kisha Short zenye mabawa ya kukunja, ambazo katika joto na unyevu wa visiwa vyetu zilidhoofika, gundi ikaachia na mbao zikatengana. Niliposema habari ya gundi nilikumbuka bawa langu la dirishani, nikanyamaza kidogo.

Tulijenga Curtiss moja, Short moja, Caudron moja na Henri Farman moja. Short hatukuipata dukani, basi tulichonga mfano wake kwa mbao kutoka katika michoro. Kazi iliyo ngumu kupita zote ilikuwa Farman, kwa kuwa ndege hiyo, ambayo mifupa yake ni ya chuma na kwa hiyo ilistahimili hali ya hewa ya Mafia, injini yake iko nyuma ya rubani na mkia wake umeshikwa na miti myembamba na nyaya tupu. Nasi nyaya hizo tulizivuta kutokana na vile vijiti vishikavyo vipande, ambavyo ukivipasha juu ya mshumaa na kuvivuta taratibu huwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Niliwahi kukaa siku kumi kwa nyuzi za upande mmoja. Tulitaka iwe ile hasa waliyorukia John Cull na Harwood Arnold tarehe 11 Julai 1915, walipokuwa wakizielekeza kwa simu ya upepo shabaha za manowari Severn na Mersey, injini yao ikapigwa, nao wakawa wanashuka na bado wanatuma masahihisho, hata wakaanguka majini karibu na Mersey wakaokoka wote wawili.

Kiwanja cha Mafia nilikitengeneza mimi: minazi, udongo mwekundu, visiki. Nikasema pawe na watu wanaofyeka. Mwenzetu mmoja, mtu mwema na fundi kuliko mimi, alipinga, akasema haya ni maonyesho ya ndege na macho ya watazamaji yatapotea, tukahojiana Jumatano tatu, mpaka nilipowasimulia habari ya bibi na baba yake, naye akaniambia, "Basi wafanye, nami nitakusaidia kuwapaka rangi." Niliwaunda wanaume 14 kwa waya wa shaba na puti, kila mmoja chini ya inchi moja.

Usiku wa kuamkia maonyesho, katika hoteli, nilipokuwa nikilifungua sanduku, mkono wangu uligonga mkia wa Farman ukavunjika miti miwili na nyaya zote za kushoto. Sikuweza kusema. Wenzangu walikusanyika kitandani kwangu, huyu ameshika taa, huyu kibano, huyu amewasha mshumaa anavuta nyuzi, na saa tisa za usiku mkia ulikuwa umesimama.

Mwaka uliofuata nilikwenda Unguja kumtazama mama, ambaye alikuwa na miaka 88, nikampelekea picha kubwa ya kiwanja kile. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu." Alivaa miwani, akaiweka picha magotini, akaanza kuwahesabu watu kwa kidole, mmoja mmoja hata akafika 14, kisha akarudia.

"Hawa wanafyeka juani hivi," akasema, "maji wanakunywa wapi?"

Sikuwa na jawabu.

"Mamangu ndiye aliyekuwa akiwapelekea, yeye na wenziwe wadogo wadogo, na mitungi kichwani. Hakukwambia?"

"Sikumwuliza, Mama."

Niliporudi niliwahadithia wenzangu Jumatano ya kwanza. Yule aliyepinga habari ya watu alichukua kipande cha waya, akauliza mtoto wa kike wa miaka 10 ana urefu gani. Tukakisia futi nne na nusu, tukapiga hesabu: robo tatu ya inchi. Akaukata. Mtungi niliufinyanga mimi kwa puti, nao haukuzidi punje ya mtama, na nguo yake nikaipaka kwa burashi rangi ya kaniki. Tukamsimamisha kando ya Farman, pale njia itokayo kisimani inapoingia kiwanjani.