Toka Gerezani hadi Kitonga: Pikapu Iongezwe Nini?

Ukitaka kuona jinsi akiba ya mwaka mzima inavyoweza kumezwa na chuma, nenda Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, Dar es Salaam. Maduka ya vipuri yamebanana, na vijana wa dukani watakuita hata kabla hujatamka haja yako. Ukisema pikapu yako hulemewa mlimani, utaambiwa ufunge turbo. Ukisema hubeba mizigo mizito, utaambiwa uongeze majani ya springi za nyuma. Ukisema huna hakika, utashauriwa ununue vyote viwili, na matairi makubwa juu yake.

Aghalabu mnunuzi huyo si tajiri. Ni mfanyakazi aliyechangiana na nduguze kununua Land Cruiser kuukuu, na fedha aliyo nayo inatosha jambo moja tu. Tuichukue ile yenye injini ya 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990: lita 4.2, silinda 6, dizeli, bila turbo. Ni injini yenye subira kubwa, lakini haina haraka.

Jibu la swali lake haliko dukani. Liko barabarani, kwa hiyo tufuatane tuelekee Iringa. Hadi Morogoro, kilometa zipatazo 190, hutaona upungufu wowote. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi sheria yenyewe hukutaka uende polepole, na wanyama wakivuka hupati haja ya nguvu. Kisha huja joto la Ruaha Mbuyuni, mibuyu huku na huku, na vitunguu vikiuzwa kando ya njia.

Mbele yako sasa ni Kitonga. Barabara hujipinda ikipanda, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori hutambaa yakifuatana kama siafu. Hapo ndipo dereva hurudisha gia, akarudisha tena, na kuyakumbuka maneno ya kijana wa Gerezani. Naye hakudanganya. Ufikapo mwinuko wa mita 1,500, hewa huwa imepungua uzito kwa takribani asilimia 14, na injini isiyo na turbo hupungukiwa pumzi kwa kadiri hiyohiyo. Turbo huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikasukuma hewa zaidi ndani ya silinda, na pengo hilo likazibwa.

Lakini pikapu hii inapanda na nini? Mara nyingi na matenga matupu. Shehena yenyewe, nyanya, iko juu, Ilula, na soko lake liko chini, Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba gari hupanda jepesi na kushuka zito. Turbo ingenunuliwa kwa ajili ya safari ya matenga matupu!

Katika kushuka, turbo haikusaidii kitu. Majani ya springi huzuia gari lisikae kitako, lakini hayaongezi nguvu ya ekseli, beringi wala breki. Hukushawishi tu upakie matenga zaidi. Matairi makubwa ndiyo mabaya kuliko yote, kwani huifanya kila gia iwe nyepesi kuizuia gari, na breki zilezile hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye breki: pedi nzuri, mipira ya breki isiyochakaa, na mafuta mapya ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka ipitavyo, na yakichemka katikati ya mteremko, pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Baada ya breki, matairi mapya ya kipimo kilekile cha kiwandani.

Turbo ingojee mwaka mwingine. Siku hiyo ikifika, mwulize fundi maswali mawili: atapima vipi joto la moshi, na ataongeza dizeli kiasi gani? Mgandamizo wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, nayo haikuundwa kwa turbo. Ikilazimishwa sana, silinda hedi hupasuka. Fundi akijibu kwamba kipimo cha joto hakina haja, chukua fedha yako, vuka barabara, uingie duka la pili.