Mtama wa Turkana na Elimu ya Kusaga Nafaka

Atokaye Kitale kwenda kaskazini kwa njia ya Kapenguria huyaacha nyuma mashamba ya mahindi, huteremka milima ya Pokot, na hapo joto humpokea. Nchi yote hubadilika ikawa mchanga, mawe, mikunga na mikoma. Mwisho hufika Lodwar, mji mkuu wa Turkana, ulio ukingoni mwa mto Turkwel. Mvua ya hapo kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, na miaka mingine haifiki hata kiasi hicho.

Wengi hudhani kwamba Waturkana ni wachungaji tu, wasiojua kulima. Sivyo. Tangu zamani wanawake wa kando ya Turkwel na Kerio wamepanda mtama penye udongo uliolowa kwa mafuriko, na mtama wao hukomaa upesi, kwani unyevu haudumu. Husagwa kwa jiwe juu ya jiwe, kazi itakayo mikono yenye nguvu na subira nyingi.

Toka Lodwar hata Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Kakuma palikuwa mahali padogo kando ya mto Tarach mpaka mwaka 1992, ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi, na miongoni mwa waliotangulia walikuwamo vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan. Leo watu wa mataifa mengi wanakaa humo, na katika makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani. Kwa miaka mingi posho yao ilikuwa nafaka nzima, mahindi au mtama. Hapo ndipo penye shida, kwa maana punje si chakula bado. Mama asiye na fedha hulazimika kuuza sehemu ya nafaka yake ili alipe ada ya kusaga ile iliyobaki. Asiyesaga huchemsha punje kwa muda mrefu, na kuni katika nchi ile ni adimu, hata zimeleta ugomvi baina ya wenyeji na wageni.

Labda mtu atauliza: Chuo Kikuu kinahusika nini na jiwe la kusagia? Kinahusika sana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kwamba protini ya mtama ukiisha kupikwa hukazana, hata tumbo lisiweze kuitumia vema kama ile ya nafaka nyingine. Tena mitama mingine myeusi au myekundu ina ukakasi unaozidi kuizuia protini hiyo. Lakini mtama uliooteshwa ukawa kimea, au unga uliochachushwa kabla ya kupikwa uji, hupunguza madhara hayo. Basi bibi zetu waliochachusha uji hawakukosea. Elimu imekuja kueleza sababu ya jambo walilolijua kwa mikono.

Katika Purdue hiyo hiyo alisoma Bwana Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, aliyepata shahada yake ya juu mwaka 1978. Baadaye alikwenda Sudan akatoa mbegu ya mtama inayostahimili ukame, na mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Mwaka 2014 Purdue ilianza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Eldoret, kwa fedha za Serikali ya Marekani, katika utafiti wa kukausha, kuhifadhi na kusindika nafaka. Wanafunzi wa shahada za juu walijifunza kutengeneza unga uliokwisha kuivishwa kwa mashine yenye joto na mkandamizo, ambao hutaka maji ya moto tu kuwa uji. Faida ya unga wa namna hiyo mahali pasipo kuni haihitaji kuelezwa.

Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na mwaka huo huo posho ya Kakuma ilipunguzwa sana. Hili ni fundisho zito. Fedha za wageni hukoma siku wasiyoitazamia wenye njaa, lakini kijana aliyekwisha kusoma hubaki na elimu yake. Lodwar sasa ina chuo, kilichoanzishwa kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Yafaa vijana wa Turkana wasihesabu sayansi ya chakula kuwa kazi ya jikoni.

Wala mkulima asingoje shahada. Mwaka 2004, hasa katika Ukambani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na kuvu hupenda nafaka iliyowekwa mbichi. Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia nafaka kiasi na chumvi kavu kidogo, funika, tikisa vizuri, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, nafaka haijakauka. Irudishwe juani, juu ya turubai, isiguse udongo. Chumvi isipogandamana, iwekwe ghalani.

Mtama wa kando ya Turkwel hupatikana kwa taabu kubwa. Ni hasara mara mbili kuushinda ukame shambani, kisha kushindwa na kuvu ndani ya gunia.