Zege katika Nchi ya Mvua: Kumtafuta Fundi Mwaminifu Kericho na Bomet

Msafiri atokaye pwani, akishaipita Nakuru na kuendelea kupanda kuelekea magharibi, huiona ardhi ikibadilika rangi. Mji wa Kericho umekaa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na mashamba ya chai yaliyopogolewa sawasawa, mithili ya zulia lililotandikwa juu ya vilima. Wenyeji wake, Wakipsigis, humwamkia mgeni kwa neno "chamgei", na shukrani yao ni "kongoi". Asubuhi mbingu huwa safi. Baada ya adhuhuri mawingu hukusanyika, na aghalabu alasiri huingia pamoja na mvua, pengine mvua ya mawe.

Mvua hiyo ni neema kwa chai na ni mtihani kwa mwenye kujenga. Wapo jamaa zetu wa pwani walioletwa huku na kazi, biashara au ndoa. Siku ya kumwaga sakafu au kujenga kitako cha tangi la maji inapowadia, mama wa nyumba hujikuta mgeni mara mbili: mgeni wa mji na mgeni wa ufundi. Kwetu fundi hutoka mtaa wa pili. Mamake twamjua, na akiharibu kazi, habari huenea kabla ya Ijumaa. Nyumba zetu za kale nazo ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Huku mambo ni saruji, mchanga na kokoto, na fundi ni mtu usiyemjua kwao.

Jamaa yangu mmoja aliolewa Litein, kwenye barabara iendayo Bomet kupitia Kaplong, na mumewe yuko Oman kikazi. Fedha za baraza zilipofika, fundi mmoja alizitaka zote mkononi, naye akampa. Zege lilimwagwa saa nane mchana chini ya wingu jeusi. Kabla ya magharibi mvua ilikwisha kuiosha saruji, kokoto zikabaki wazi. Fundi hakupokea simu tena. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, na jasho la mwaka mzima la mtu aliye ughaibuni likawa limekwenda na maji.

Fundi wa pili alipatikana kwenye kituo cha kupimia majani chai. Hapo wanawake wa kijiji husimama na vikapu vyao wakingoja mizani, nao wajua ukuta wa nani una nyufa na sakafu ya nani haina. Walimtajia jina moja, wakampeleka kuziona nyumba mbili alizozijenga misimu kadhaa nyuma. Fundi huyo alianza kazi alfajiri, turubai likiwa tayari kando, na kila kipimo akakihesabu kwa karai.

Zege lenyewe halina lawama. Kanisa kuu la Kikatoliki la Kericho, lililofunguliwa mwaka 2015, ni mashuhuri kwa matao yake ya zege, nayo yamesimama chini ya mvua ile ile. Kinachotakiwa ni kipimo na subira. Kwa sakafu ya nyumba, mafundi wengi hutumia sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Maji yakizidi ili koleo liende kwa wepesi, zege hudhoofika. Likishashika, lifunikwe na kuwekwa na unyevu kwa muda wa siku 7 hivi. Nguvu yake hupimwa likitimiza siku 28. Fundi anayekuambia kesho litakuwa tayari kubeba tangi lililojaa, mwage kwa heri.

Muulize pia kitambulisho. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili makandarasi katika madaraja 8 na kuwatambua mafundi stadi. Kitambulisho hakithibitishi uaminifu, lakini humfanya mtu awe na jina na mahali pa kutafutwa.

Kisha andikeni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Fedha za kutangulizia ni deni la kazi juu ya fundi. Karatasi itaje vipimo, idadi ya mifuko ya saruji, tarehe na awamu za malipo, ishuhudiwe na jirani mwenyeji, na nakala moja atumiwe mume aliko. Vifaa nunua mwenyewe dukani, ukitunza risiti. Fungu la mwisho la ujira lisitoke mpaka mvua kubwa mbili tatu zimepita juu ya kazi. Kericho hutangoja sana.