Saa ya Basi

Nimeombwa mara nyingi kushuhudia jinsi Mungu alivyoniinua London, na mara nyingi nimesimama. Nilifika 2003 na begi moja. Nikabeba boksi kwenye maghala, nikaosha vyombo hotelini, kisha nikaingia kazi ya kea, yaani kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wazee majumbani mwao. Mwaka 2014 nikafungua kampuni yangu mwenyewe huku Barking, na kufikia 2018 nilikuwa na wahudumu 40. Hapo watu hupiga makofi, nami hukaa.

Kila neno la ushuhuda ule ni kweli. Leo natoa kipande nilichokuwa nakiruka.

Mama yangu aliuza maharage soko la Kwa Sadala, chini ya Machame. Wafanyabiashara wengine walikuwa wanapasha moto kitako cha kisado na kukibonyeza kwa ndani, ili kipimo kionekane kimejaa kumbe kimepungua. Mnunuzi huoni, maana unatazama juu, kwenye kilele cha maharage. Mama hakukubali kisado cha namna hiyo kikae hata kwenye meza ya jirani yake, na kwa sababu hiyo alikuwa na ugomvi kila wiki. Jumapili tulikwenda ibadani na ndizi za mnada wa sadaka, na sikumbuki hata siku moja aliponiambia kwamba mizani na Mungu vinahusiana. Labda aliona si jambo la kuambiwa.

Sasa nieleze kazi yetu ilivyo, kwa sababu dhambi yangu imo ndani ya hesabu. Halmashauri hununua dakika. Mzee huyu dakika 30, yule 15. Kampuni inalipwa kwa muda ambao mhudumu yuko ndani ya nyumba. Akitoka mlangoni, saa inasimama. Nami nilimlipa mhudumu vilevile. Chukua zamu ya kawaida ya 2019: wazee 10, dakika 30 kila mmoja. Hizo ni saa 5. Kwa pauni 9 kwa saa anapata pauni 45, na kima cha chini cha kisheria kwa mwenye miaka 25 na zaidi kilikuwa pauni 8.21 kuanzia Aprili mwaka huo. Kwenye karatasi nilikuwa mwajiri mwema. Lakini kati ya nyumba na nyumba kuna safari 9, tuseme robo saa kila moja, kusubiri basi kwenye mvua na kupanda ngazi za maghorofa ambayo lifti imekufa. Ongeza saa 2 na robo. Gawa pauni 45 kwa saa 7 na robo, inabaki kama pauni 6 na peni 20 kwa saa. Sheria ya Uingereza inahesabu safari kati ya mteja na mteja kuwa ni kazi. Nilijua. Nilikuwa nimeisoma nilipokuwa kea mimi mwenyewe, nikiwa upande wa pili wa rota, yaani ratiba ya zamu.

Kwenye faida hiyo nilitoa fungu la kumi, kamili hadi peni ya mwisho. Nilimpa Mungu nafasi ya kwanza: maagizo ya benki yalipangwa hivyo, kanisa kabla ya kodi ya nyumba. Nililipia sare za kwaya. Nilijenga kwetu. Nilialikwa kwenye harambee za Watanzania kama mgeni rasmi, na nilijizoeza kusema "si mimi, ni Bwana" kwa sauti ya chini, ambayo nadhani ndiyo sauti hatari kuliko zote. Wakaguzi wa CQC, tume inayokagua huduma za kea, walikuja, wakakuta wazee wasafi na mafaili yamepangwa, wakatupa daraja la "Nzuri". Daftari la mishahara halikuwa kazi yao.

Tulikuwa tunasali kwa Kiswahili kwenye usharika wa Kilutheri wa St Anne's, ambao mwaka 2013 ulihamia jengo la St Mary-at-Hill, kwenye kichochoro kati ya Eastcheap na mto Thames. Siku moja ya 2019 nilikuwa nimetoa sadaka ya shukrani. Baada ya ibada, chai mkononi, dada mmoja Mkenya aliyekuwa ameajiriwa kwangu akanijia. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za watoto. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Dada, nilitaka tu kuuliza. Ile saa ya basi ni ya nani?"

Nikamwambia tutaongea ofisini. Bosi akikosa jibu huwa anakumbuka ana ofisi.

Usiku ule nilisoma Luka 19 nikitafuta faraja, kwa sababu Zakayo ni rafiki wa matajiri wote makanisani. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Zakayo ana mafungu mawili. Nusu ya mali anawapa maskini. Hiyo ni sadaka. Waliodhulumiwa wanarudishiwa mara nne. Hilo ni deni. Havichanganyiki. Mimi nilikuwa nimelifanya deni la watu kuwa sadaka yangu, nikapewa risiti na makofi. Na Yakobo sura ya 5 inasema wazi ni nani anayesikia kilio cha ujira uliozuiwa.

Jengo lile la St Mary-at-Hill lina historia yake. Kuanzia 1892 aliliongoza Wilson Carlile, padri wa Kianglikana aliyeanzisha Church Army miaka 10 kabla, na ambaye alikuwa akipiga tromboni ili kuwavuta watu kanisani. Kabla ya upadri alikuwa mfanyabiashara, na mdororo wa uchumi wa 1873 ukamfilisi. Nilipoisikia habari yake nilimwonea wivu. Yeye alipokonywa. Mimi nilitakiwa kukaa na kikokotoo, nihesabu kwa mkono wangu mwenyewe, wakati biashara inakwenda vizuri na hakuna anayenidai mahakamani.

Nilianzia 2016, kwa sababu kumbukumbu za rota za kabla ya hapo zilikuwa zimepotea. Deni likaja kubwa kuliko akiba. Niliuza kiwanja cha Boma Ng'ombe na gari. Mume wangu hakusema neno kwa siku mbili, siku ya tatu akaniletea kalamu na orodha ya majina. Nilianza kulipa saa ya basi mwezi uliofuata, nikakataa ziara za dakika 15, kwa sababu ndani ya dakika 15 humwogeshi mzee, unamlowanisha tu. Halmashauri ikawapa wengine mkataba wetu mkubwa. Siilaumu sana, nayo inanunua kwa pesa iliyopewa.

Hapa ndipo shuhuda nyingi husema Mungu akanirudishia maradufu. Hakunirudishia. Leo nina wahudumu 19, naendesha kampuni kwa faida nyembamba, na hakuna anayenialika kuwa mgeni rasmi. Mara nne ya Zakayo sikuiweza. Nilirudisha deni lenyewe, na nalisema hili ili asiwepo wa kunisifu. Usingizi nao haukurudi mara moja kama nilivyotegemea. Kilichorudi ni sala. Kwa miaka mitano nilikuwa nashukuru tu, nashukuru tu, na sikuwa na kitu cha kumwomba Mungu. Sasa mwisho wa mwezi ukikaribia naomba kama mtu mwenye shida, kwa majina ya watu na tarehe za mishahara.

Yule dada Mkenya alimaliza masomo ya uuguzi, sasa anafanya kazi hospitali. Nilipompa bahasha yake aliihesabu palepale mbele yangu, na nilifurahi kwamba aliihesabu.

Wawili sijawapata hadi leo. Walirudi Afrika Mashariki kabla sijaanza kulipa, na namba zao hazipatikani. Pesa zao ziko kwenye akaunti ya peke yake, siigusi. Kama uliwahi kufanya kazi ya kea Barking kati ya 2016 na 2019, chini ya dada wa Machame aliyependa kufungua mikutano kwa sala ndefu, nipigie. Namba ya ofisi ni ileile.