CHANJI: BARIDI, MIGEBUKA NA KODI ILIYOMLA BABU

Leo nawapeleka Sumbawanga, na tafadhali anzeni kwa kuvaa masweta. Nilipoaga kwamba naenda huko, washikaji wa kijiweni walinicheka mpaka basi. Mmoja akanionya nisije nikamkanyaga mtu mguu pale stendi, nitapigwa radi mchana kweupe. Ndivyo tunavyoijua Sumbawanga sisi wa Dar, radi na ungo. Wenyeji wanakwambia jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", yaani ukitaka kuingia mjini tunguli zako uziache huko huko nje. Kwa taarifa yenu nilikaa siku nne na kitu pekee kilichonipiga ni baridi.

Kutoka Tunduma ni kama kilomita 220 za lami. Sehemu kubwa ni uwanda tu: nyasi, mahindi, ng'ombe, halafu nyasi tena. Mji umekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi inauchungulia kwa juu. Chanji ni kata mojawapo ya manispaa, na ndiko anakokaa baba mkubwa. Mahindi yamepandwa mpaka yanagusa ukuta wa chumba nilicholala, bodaboda zinapita na magunia, na jioni akina mama wanapanga migebuka iliyopanda mlima kutoka Ziwa Tanganyika. Ugali wa huko, mtu wangu, usipime. Ukiomba wakupunguzie wanakuuliza kama unaumwa.

Usiku wa pili tulikuwa tumekaa jikoni tunaota moto, nikamtania mzee kwamba Wafipa waoga. Mimi si nimesoma historia bwana! Nikamwaga vitu. Mjerumani alileta kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kila kibanda. Mwaka 1905 akabana zaidi, akataka fedha taslimu, na asiye nayo akafanye kazi. Huku kusini watu wakalazimishwa kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, malipo yenyewe senti za kununulia chumvi. Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa pamba na moto ukawaka. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 4, mwanzoni kabisa, lakini vita ikaendelea mpaka 1907. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa 75,000. Wapo wanahistoria wanaotaja 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa.

"Sasa baba mkubwa," nikamalizia kwa mbwembwe, "Ufipa mlikuwa wapi?"

Mwalimu wangu angejibu kwamba Matumbi na Ufipa ni mbali, basi. Mzee hakujibu. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi ya maendeleo, zimekunjwa moja moja, nyingine wino umeshafutika. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, mimi hata chekechea sijaanza. Yeye bado anazo.

"Hizi," akasema, "ndizo zilikuwa ruhusa yangu ya kutembea."

Akanipa mkanda mzima. Miaka ya tisini mgambo walikuwa wanakuja alfajiri, kabla jogoo hajamaliza. Wanaume wanaruka madirishani, wanalala kwenye mahindi na baridi ile ile niliyokuwa naililia mimi na blanketi mbili. Mwaka mmoja bei ya mahindi ilikuwa mbovu, hakuuza, hakulipa. Wakamkuta uvunguni. Wakamfunga kamba pamoja na wenzake na kuwapitisha barabarani, na watoto wake wakifuata nyuma wanalia. Tangu siku hiyo akawa halali na risiti mbali.

Nikadhani hadithi imeisha. Kumbe alikuwa ananipeleka kwa babu.

Babu sikumjua. Hata baba yangu hakumjua, alikuwa bado tumboni. Enzi za Mwingereza kila mwanamume mzima alidaiwa kodi, sheria yake ikiwa ni ya 1922, na Ufipa reli haifiki na zao la kumpa mtu fedha ya maana hakuna. Mahindi na ulezi vilikuwepo tele, ila mtoza kodi hali ulezi. Zamani Wafipa walikuwa mafundi wa chuma, wanayeyusha mawe kwenye matanuru marefu kuliko mtu, yanaitwa malungu, na majembe yao yakiuzwa mbali. Yakaja majembe ya Ulaya, rahisi, na malungu yakapoa. Sasa hela utoe wapi? Unafuata migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, au unakwenda Tanga kukata mkonge. Unapewa namba, unaitwa manamba. Babu alichagua Tanga. Alituma fedha mara mbili, kodi ikalipwa, halafu kimya. Kaburi lake hatulijui mpaka leo.

"Unauliza nani angepigana," mzee akasema, "wakati wenye nguvu wote walikuwa njiani wanatafuta hela ya kodi?"

Usingizi haukuja upesi usiku ule. Niliwaza kwamba wapo waliogoma bila kushika hata rungu. Upare, Januari 1945, wanaume kwa maelfu waliteremka milimani wakaenda kukaa Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, na mgomo ukaendelea. Waume hawarudi, mwaka uliofuata wanawake nao wakaandamana, wakamwambia mkubwa wa Kizungu ama amalize ugomvi waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba wote yeye mwenyewe! Mbiru ikafutwa. Na Wamarekani tunaowaona wababe wa dunia nao walianzia hapo hapo. Mwingereza aliwatoza ushuru wa stempu mwaka 1765, baadaye wa chai, nao Desemba 1773 wakamwaga makasha 342 ya chai bandarini Boston. Mwaka 1775 bunduki zikaanza kulia. Nikajisemea, mimi ningekuwa Boston ningemwaga la kwanza.

Siku ya kuondoka mama mkubwa alinifungia gunia moja la maharage. Mbele ya safari, kwenye geti ambalo sitalitaja, kijana mmoja akagonga ubavu wa basi. Maharage ya nani? Yangu. Lete ushuru. Nikamweleza kwa upole kwamba mwaka 2017 ushuru ulifutwa kwa mtu anayesafirisha mazao yasiyofika tani moja, na hili ni gunia moja la zawadi. Akanitazama kama natoka Boston kweli. "Basi shusha gunia tupime."

Konda akaanza kufoka. Dereva anapiga honi. Abiria wa nyuma, wale wale tulioshirikiana karanga tangu asubuhi, wakapaza sauti: we kijana lipa bwana, unatuchelewesha!

Nikatoa elfu mbili. Nikaomba risiti, akasema kitabu kimeisha.